Taa ya Bafuni

"Siku nikiondoka mimi, hii sinema itakuwa kabati."

Hayo yalikuwa maneno ya Mkaguzi, na aliyasema mara nyingi kiasi kwamba hata mgeni aliyeingia nyumbani kwake mara moja tu aliondoka akiyajua. Aliyasema akiwa ameketi kwenye kiti chake, rimoti mfukoni mwa shati, akitazama mitambo yake kama mtu anayetazama watoto waliofaulu mtihani. Mke wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Cherehani, alikuwa akimjibu kutoka chumba cha pili bila kuondoa mguu kwenye pedali.

"Nenda basi tuone."

Ulikuwa utani. Walikuwa na miaka thelathini na minane ya ndoa, na utani huo peke yake ulikuwa na miaka kumi na mitatu. Kisha Mkaguzi akaondoka kweli. Sukari ilimpeleka hospitali siku ya Jumatatu, na Alhamisi akarudi akiwa amebebwa, Mungu amrehemu, na ule utani ukabaki nyumbani bila mwenzake.

Jina la Mkaguzi hakupewa na mwajiri. Mwajiri alimwita msoma mita. Miaka thelathini na mmoja alizunguka na baiskeli akiinama kwenye nyua za watu, akifuta vioo vya mita za maji kwa kitambaa, akiandika tarakimu kwenye daftari. Mtaa ulimpa cheo cha ukaguzi kwa sababu hakuweza kusoma mita akanyamaza. Aliuliza bomba la nyuma linavuja tangu lini. Aliuliza kwa nini nyumba ya watu wawili inatumia maji ya watu tisa. Na siku ya jua kali, mwenye nyumba akimkaribisha glasi ya maji, alikataa kwa adabu na kusema hawezi kunywa kitu ambacho amekuja kukipima.

Alipostaafu, nyumba ilimwogopa. Mtu aliyezoea kukagua nyumba arobaini kwa siku sasa alibaki na moja. Kwa wiki tatu alikagua vifuniko vya sufuria, bawaba za milango, na namna mke wake anavyofunga uzi. Mama Cherehani alipiga magoti akamwomba Mungu ampatie mumewe shughuli, na Mungu, ambaye wakati mwingine hujibu zaidi ya alivyoombwa, akamletea kompyuta.

Ilitoka katika ofisi moja iliyokuwa inahama. Ilikuwa imechoka kuandika barua, na Mkaguzi akaipa kazi ya starehe. Aliiunganisha na televisheni kubwa, akaongeza amplifaya iliyokuwa nzito kama jiwe la kusagia, spika mbili ndefu na tatu fupi. Baadaye akanunua kadi ya picha, kibao chenye tundu lake la kutolea picha, na kuipachika ndani ya kompyuta ili filamu zisikatekate. Kuanzia hapo, kila Jumamosi saa tisa kamili alasiri, familia ilikaa kwenye viti vilivyopangwa safu mbili, na Mkaguzi akasimama mbele na kutangaza kitakachoonyeshwa. Aliyechelewa alikaa nyuma hata kama mbele kulikuwa na nafasi. Filamu ilisimamishwa mara nne au tano ili Mkaguzi aeleze jambo ambalo kila mtu alikuwa ameshalielewa.

Kitu kimoja tu hakukieleza kamwe: anafanya nini umeme ukikatika.

Umeme ulikatika mara kwa mara, na kila ulipokatika kulikuwa na utaratibu. Kwanza Mkaguzi alichomoa plagi zote. Pili aliandika kwenye daftari lake tarehe na saa. Umeme uliporudi hakuuamini. Alikaa dakika kumi na tano akitazama balbu, kwa sababu, alisema, umeme wa kwanza hauji kukaa, unakuja kuchungulia. Dakika zikitimia alivuta stuli nyuma ya mitambo, akakohoa, akaita:

"Mama, hebu nenda kaangalie kama taa ya bafuni inawaka."

Mama Cherehani aliacha kazi, akapita ukumbi, akapita jikoni, akafika bafuni mwisho wa nyumba, akawasha.

"Inawaka."

"Iache kidogo. Inawaka vizuri?"

"Inawaka kama taa."

"Na leo tarehe ngapi?"

Alimtajia. Akisharudi sebuleni alikuta picha iko kwenye televisheni na mumewe anafuta mikono. Hilo lilitokea mara nyingi hivi kwamba Mama Cherehani, mwanamke mwenye akili timamu, aliamini taa ya bafuni na ile kompyuta ziko kwenye waya mmoja. Watoto waliamini pia. Hata mdogo wake Mkaguzi, aliyekuwa fundi redio na aliyetakiwa kujua zaidi, alishawahi kutumwa bafuni mara tatu na akaenda.

Basi baada ya mazishi umeme haukukatika kwa miezi minne. Majirani walishangaa. Mama Cherehani hakushangaa sana. Alidhani huenda marehemu, huko aliko, amekwishampata mtu wa kumlalamikia. Jumamosi alibonyeza kitufe kama alivyomwona akifanya, mashine ikawaka, akakaa safu ya mbele peke yake. Hakutazama sana. Alikaa tu. Filamu ikiisha alisema kwa sauti, akikielekea kiti cha Mkaguzi, "Kabati liko wapi sasa?"

Jumanne moja saa sita mchana, Mama Cherehani akiwa anapiga pasi kola za sare za shule, umeme ukakatika.

Alifanya yote. Alichomoa plagi za mitambo, akafungua daftari la mumewe, na chini ya mwandiko wake uliolala upande akaandika tarehe na saa kwa mwandiko wake uliosimama. Umeme uliporudi saa nane kasorobo, ulirudi kwa kishindo. Balbu ilimeta kwa weupe usio wa kawaida, jokofu likatetemeka, kisha vyote vikatulia. Alikaa chini ya balbu dakika kumi na tano akizihesabu kwa saa ya ukutani. Dakika ya kumi na mbili alisikia harufu ya kuungua. Alikuwa amechomoa kila plagi ya marehemu na kuisahau yake mwenyewe. Pasi ilikuwa imelala juu ya kola na kuitoboa tundu la rangi ya chai.

Aliificha kola, akafungua madirisha, akaenda bafuni. Taa ilikuwa inawaka. Akasimama pale muda unaotosha, akaitaja tarehe kwa sauti ingawa hakuna aliyemuuliza, akarudi sebuleni na kubonyeza kitufe.

Feni za kompyuta zilizunguka. Taa yake ndogo ya buluu ikawaka. Televisheni ikabaki nyeusi, na katikati ya weusi huo yakatokea maneno kwamba haipokei picha yoyote. Alizima, akawasha tena. Akaenda bafuni mara ya pili. Mara ya tatu aliiacha taa ya bafuni ikiwaka na kurudi kwa kukimbia, kama vile tatizo lilikuwa mwendo.

Jumatano asubuhi alimwita shemeji yake, yule fundi redio. Familia ilimwita Hakika, kwa kuwa neno hilo lilifunga kila sentensi yake, hasa zile ambazo hakuwa na hakika nazo. Alikuja na begi la vifaa, akavua viatu, akasimama mlangoni akanusa.

"Shemeji, kuna harufu ya kuungua humu."

Mama Cherehani alitazama pembeni. "Kidogo."

"Si kidogo. Ilianza lini?"

"Jana. Umeme uliporudi."

"Basi nimeshamaliza kazi kabla sijafungua begi," alisema Hakika. "Ubao umeungua. Hakika."

Hapo Mama Cherehani angeweza kusema habari za pasi. Lakini mwanamke aliyeshona miaka arobaini hamwambii shemeji kwamba amechoma kola ya mteja, tena shemeji mwenye mdomo kama ule. Basi kola ikawa ushahidi dhidi ya kompyuta.

"Lakini fungua basi uone," alisema.

"Taa ya bafuni umeangalia?"

"Mara tatu."

"Ngoja niangalie mimi." Akaenda, akarudi. "Inawaka," alisema kwa uzito, na wote wawili wakatikisa vichwa.

Alifungua ubavu wa kompyuta kwa bisibisi. Ndani kulikuwa na ubao wa kijani, feni zenye vumbi, na waya zilizofungwa kwa uzi wa cherehani, fundo la Mama Cherehani kabisa, lile ambalo marehemu alilikagua wiki tatu. Hakika alimulika kwa tochi ya simu. Alipuliza, akagusa hapa, akagonga pale.

"Hiki cha duara ni nini?" aliuliza Mama Cherehani akichungulia juu ya bega lake. Aliona kitu bapa kinachong'aa, ukubwa wa kifungo cha koti.

"Betri ya saa tu hiyo. Mashine inatunza saa yake. Mtu ameshakufa, shemeji, saa ya mkononi itamsaidia nini?" Akasikia alichosema, akakohoa. "Namaanisha mashine."

"Na hizi namba mgongoni?"

Nyuma ya kompyuta, pale waya zinapochomekwa, kulikuwa na vibandiko viwili vidogo vya mviringo. Kimoja kiliandikwa 20, kingine 30, na waya wa picha ulikuwa umechomekwa penye 30.

"Namba za kiwandani. Usizibandue, zina maana yake huko kwao." Alifunga ubavu. "Nisikilize. Kaka alijitahidi, Mungu amlaze pema, lakini alikuwa mtu wa maji. Umeme si maji. Hii tuizike kwa heshima."

Mama Cherehani alimwandalia chai, na wakati anakunywa simu ililia. Alikuwa binti mkubwa, ambaye habari zilikuwa zimekwishamfikia kwa njia ambayo hakuna aliyeieleza, ingawa Hakika alikuwa anatazama ndani ya kikombe chake.

"Mama, pole. Lakini labda ni heri. Lile kabati langu la vioo halina nafasi kwangu, na ile kona sasa iko wazi."

"Haiko wazi. Ina mashine."

"Ina mashine iliyokufa. Baba mdogo kasema. Jumamosi saa tisa nitakuja na watu wa kulibeba, na baba mdogo ataondoa mitambo. Vyombo vyako vitapendeza humo, mama. Hata baba mwenyewe alisema itakuwa kabati."

Alikuwa binti mwema na alisema kwa upole, na ndiyo maana kisu kiliingia vizuri.

Mama Cherehani alikata simu akakaa. Watu walipomuona siku hizo walidhani anamlilia mumewe, na ni kweli alimlilia, asubuhi na jioni, mbele za Mungu, bila aibu. Lakini jambo lililomuumiza Jumatano ile lilikuwa jingine, na hakuwa na mtu wa kumwambia. Katika miaka thelathini na minane alikuwa amebishana na Mkaguzi juu ya mambo mengi na kushinda machache. Juu ya sinema hakuwahi kushinda hata mara moja. Na huu, wa kabati, ulikuwa ubishi wa mwisho, na mwenzake alikuwa ameondoka katikati yake. Kabati likiingia Jumamosi, Mkaguzi atakuwa amesema kweli, na hakutakuwa na Jumamosi nyingine ya kumjibu.

Alhamisi alisali. Aliona haya kumwomba Mungu kompyuta, Mungu mwenye wagonjwa na vita mikononi mwake. Kwa hiyo aliomba subira. Aliomba utulivu. Aliombea safari ya binti yake Jumamosi. Kisha, akiwa amekwishasimama na kukunja mkeka, akaongeza haraka kama mtu anayekumbuka kitu dukani, "Na ile mashine."

Akachukua daftari la marehemu akaketi nalo.

Lilikuwa na safu nne zilizopigwa kwa rula: tarehe, saa ulipokatika, saa uliporudi, hatua iliyochukuliwa. Kukatika kwa umeme kwa miaka kumi na mitatu kulikuwa mle, na katika safu ya hatua iliandikwa neno moja kuanzia juu hadi chini, ukurasa baada ya ukurasa. Imerekebishwa. Imerekebishwa. Imerekebishwa. Mtu aliyeuliza watu wa mtaa mzima bomba lao linavuja tangu lini, mwenyewe hakuandika hata mara moja alichorekebisha.

Mama Cherehani alisoma tarehe zile moja baada ya nyingine na kuzisikia kwa sauti yake mwenyewe, kwa sababu nyingi alizitaja yeye, akiwa amesimama bafuni. Leo tarehe ngapi? Siku nyingine mumewe hakuuliza tarehe. Alikuwa na kalenda, alikuwa na simu, alikuwa na mke anayehesabu siku za wateja. Aliuliza siku za kukatika umeme tu, na aliuliza akiwa nyuma ya mitambo tu. Miaka ya mwisho mke wake alidhani ni uzee. Alimwonea hata huruma.

Mashine inatunza saa yake, alisema Hakika.

Alilaza daftari mapajani. Cherehani likikata uzi, fundi hatupi cherehani. Anaanza na sindano. Kama si sindano, anaangalia kibobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini. Anabadilisha kitu kimoja, anashona inchi mbili, anaangalia, ndipo anabadilisha kingine. Mtu akibadilisha vitu vitatu kwa pamoja na uzi ukatulia, hajajua kitu. Yeye siku ya Jumanne alikuwa amebadilisha taa ya bafuni tu.

Ijumaa baada ya kuwapa wateja nguo zao, na baada ya kushona kola mpya mahali pa ile iliyoungua, alifunga mlango wa nje. Alichomoa plagi. Akafungua ubavu wa kompyuta kwa bisibisi ya cherehani, akamulika kile kitu cha duara, na akacheka peke yake. Namba iliyochapwa juu yake aliijua kwa moyo. Ilikuwa betri ileile ya kipimo cha sukari. Mkaguzi macho yalipopungua na vidole vyake kufa ganzi, ni mke wake aliyembadilishia betri ya kipimo, tena mara tatu, na katika droo ya dawa zilibaki pakiti nzima ambazo hazikuwa na kazi tena.

Droo ile hakuwa ameifungua tangu Alhamisi ya msiba. Aliifungua. Kipimo kilikuwa kimelala kwenye kifuko chake, na alipokibonyeza kikawaka mara moja na kuonyesha tarehe sahihi, kikisubiri tone la damu la mtu ambaye hayupo. Alikizima. Akachukua betri moja kwenye pakiti, akakaa kidogo ukingoni mwa kitanda, kisha akarudi sebuleni.

Kumi na mitatu, alifikiri akiichokoa betri ya zamani kwa ncha ya mkasi. Miaka kumi na mitatu alikuwa na akiba ya dawa ya mashine yake chumbani, mita sita kutoka hapa, na kila umeme ukikatika alimfufua mgonjwa kwa mikono badala ya kumpa kidonge. Mkaguzi mzima.

Betri mpya ilikaa. Akawasha. Feni zikazunguka, televisheni ikabaki nyeusi.

Hakukata tamaa, alikuwa amebadilisha sindano tu. Alitazama mgongo wa kompyuta na vile vibandiko, 20 na 30, na sasa, bila Hakika kumzibia mwanga, alivitambua. Havikutoka kiwandani. Vilikuwa vyake. Vilikuwa vibandiko vya saizi, vile anavyobandika ndani ya kola za sare: ishirini kwa mtoto wa darasa la kwanza, thelathini kwa mkubwa. Miaka mingi iliyopita aligombana na mwenye duka la vifaa kwa sababu roli mpya ilipungua vibandiko sita, kimoja kwa kila saizi. Mwenye duka aliapa. Mama Cherehani hakumwamini na tangu siku hiyo alinunua kwingine.

"Mwizi wewe," alikiambia kile kiti.

Sita. Viwili viko hapa. Alivuta droo ya chini ya meza ya mitambo na kutoa kibodi iliyokuwa imefungwa kwa taulo. Ilikuwa safi kama mpya, maana filamu ziliendeshwa kwa rimoti, na juu ya vitufe vyake vinne vilikaa ishirini na mbili, ishirini na nne, ishirini na sita, ishirini na nane.

Watu wengine huandika moja, mbili, tatu. Mama Cherehani aliitazama ile kibodi muda mrefu kidogo kuliko kazi ilivyohitaji.

Kisha akaichomeka kwenye kompyuta, akaanza na mtoto mdogo. Alichomoa waya wa picha kwenye 30, akauchomeka kwenye 20. Televisheni ikajaa maandishi meupe. Yalikuwa ya Kiingereza, na Kiingereza cha Mama Cherehani kilikuwa cha shuleni, kile cha kujaza nafasi zilizoachwa wazi, lakini tarehe aliielewa: mashine iliamini ni siku ya kwanza ya mwezi wa kwanza wa mwaka ambao yeye na Mkaguzi walikuwa bado wanamsomesha binti mkubwa. Ilikuwa imesahau kila kitu. Ilikuwa imesahau hata kwamba ilishaongezewa kadi, ndiyo maana ilikuwa ikitolea picha kwenye tundu lake la zamani, ambalo hakuna mtu aliyekuwa analitazama.

Akabonyeza 22. Ukaja ukurasa wenye nafasi ya tarehe, na nafasi hiyo ikawa inameta, ikisubiri kuambiwa.

Daftari lilikuwa wazi kwenye goti lake. Alilitazama na kusoma tarehe aliyoandika Jumanne, akajumlisha siku tatu, akajaza. Ndipo akasimamisha kidole. Daftari hili Mkaguzi alikuwa nalo kila mara. Tarehe alikuwa ameshaiandika umeme ulipokatika, kwa mkono wake, zaidi ya robo saa kabla. Ilikuwa gotini kwake. Alikuwa anamuuliza ya nini?

Mashine haikuwa na haja ya jibu lake; aliyekuwa na haja nalo ni mtu. Chozi lilishuka, akalifuta kwa kiwiko kwa kuwa mikono ilikuwa na vumbi, na akaendelea, kwa sababu saizi zilikuwa zimebaki. Ishirini na nne ilimshusha hadi mstari mwingine. Ishirini na sita ikabadilisha neno moja kwenye mstari huo kuwa jingine. Ishirini na nane ikaufunga ukurasa wote, na televisheni ikawa nyeusi tena. Akauchomoa waya, akaurudisha kwa mkubwa, thelathini.

Picha ikatokea. Spika ndefu zikaguna kama mtu aliyeamshwa.

Alizima. Akachomoa plagi kabisa, akasimama nayo mkononi dakika kumi na tano kwa saa ya ukutani, akaichomeka na kuwasha. Picha ilikuja yenyewe, na tarehe ilikuwa ileile, ya leo. Alirudia mara mbili zaidi, kama anavyovuta mshono kuona kama utashika. Ulishika. Haingehitaji tena kuambiwa, wala mtu kukaa kwenye stuli.

Akalichukua daftari. Katika safu ya hatua iliyochukuliwa alitaka kuandika yote: betri, kadi, saizi sita, mwizi. Kalamu ilisimama juu ya karatasi. Mwisho akaandika, kwa mwandiko wake uliosimama, "Imerekebishwa."

Jumamosi walifika saa tisa kasoro dakika tano. Binti mkubwa alitangulia, nyuma yake wanaume wawili na kabati la vioo, na Hakika na kamba za kufungia mitambo. Mama Cherehani alikuwa ameketi kwenye stuli nyuma ya meza. Viti vilikuwa vimepangwa safu mbili.

"Mama, mbona umepanga viti?" aliuliza binti.

"Liwekeni kabati hapo barazani kwanza. Kuna jambo nalikagua."

Hakika alicheka. "Shemeji, ubao ulioungua haukaguliwi. Nimekwambia. Hakika."

"Nimekusikia." Alikohoa. "Shemeji, hebu nenda kaangalie kama taa ya bafuni inawaka."

Hakika aliweka kamba chini. Uso wake ulikuwa wa mtu anayemridhisha mfiwa. Alipita ukumbi, akapita jikoni, na wote wakasikia swichi ikibofya mwisho wa nyumba.

"Inawaka," alisema kutoka mbali.

"Iache kidogo. Inawaka vizuri?"

"Inawaka, shemeji."

Kidole cha Mama Cherehani kilikuwa juu ya kitufe, na mashine ilikuwa inajua kila kitu kilichohitajika. Binti mkubwa alikuwa amekaa, bila kujua kwa nini, safu ya mbele, penye nafasi yake ya utotoni. Mama Cherehani alikitazama kile kiti kitupu.

"Na leo," aliuliza kwa sauti ya kufika bafuni, "leo tarehe ngapi?"